Jiwe au Kisukuku? Maisha ya Louis Leakey

Mwanafunzi, fikiri kwamba siku ya Jumamosi unatoka Igoma pamoja na wenzako, mnakwenda ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Maji yametulia. Wavuvi wameanika dagaa juani. Unapotembea ukingoni unaona jiwe jeupe lililochongoka kama jino. Mwenzako anaokota jiwe jekundu la mviringo mithili ya yai. Wa tatu anapata jiwe bapa lenye michoro myeusi ifananayo na majani ya mti. Mnaketi juu ya mwamba na kuulizana. Je, vitu hivi viliwahi kuwa hai? Ama ni mawe tu?

Swali hilo ni la kisayansi, tena si jepesi. Katika sura hii utasoma habari za mtu aliyejiuliza swali la namna hiyo tangu alipokuwa mtoto hadi uzeeni. Jina lake ni Louis Leakey. Mara nyingi alipata jibu sahihi, na kwa sababu hiyo jina lake linajulikana duniani kote. Lakini mara nyingine alikosea. Usishangae ukisoma makosa yake. Mwanasayansi hufunzwa na makosa kama anavyofunzwa na mafanikio, na wewe pia unaweza kujifunza kutokana na yote mawili.

Kisukuku ni nini?

Kabla ya kusoma habari za Leakey, yakupasa uelewe maana ya kisukuku. Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe aliyeishi zamani sana, ambayo imehifadhiwa ardhini. Kinaweza kuwa mfupa, jino, gamba la konokono, mbegu, au hata alama ya unyayo.

Mnyama anapokufa porini, kwa kawaida fisi na tai humla, na jua na mvua huiharibu mifupa yake. Baada ya miaka michache hakuna kinachobaki. Lakini mara chache sana mnyama hufunikwa upesi na tope, mchanga au majivu ya volkeno. Hapo mifupa yake hukingwa. Maji yanayopita ardhini huwa na madini yaliyoyeyuka ndani yake. Madini hayo huingia polepole katika vitundu vidogo vya mfupa na kuvijaza. Baada ya maelfu na maelfu ya miaka, mfupa huwa mzito na mgumu kama jiwe, lakini umbo lake la kwanza hubaki lile lile.

Kwa hiyo kisukuku ni jiwe, lakini ni jiwe lenye historia ya uhai. Jiwe lingine laweza kufanana nacho kwa nje, nalo halikuwa na uhai hata siku moja. Kazi ya mwanasayansi ni kutenganisha hayo mawili.

Mtoto wa Kabete

Louis Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, karibu na Nairobi, nchini Kenya. Wazazi wake walikuwa wamisionari kutoka Uingereza. Louis alikua pamoja na watoto wa Kikuyu. Alicheza nao, aliwinda nao, na aliisema lugha yao kama wao wenyewe. Kutoka kwao alijifunza kutembea porini kimya kimya na kutazama ardhi kwa makini. Ujuzi huo ulimfaa maisha yake yote.

Alipokuwa na umri wa miaka 12 au 13, Louis alipewa kitabu cha watoto kilichoeleza maisha ya watu wa kale waliotumia zana za mawe. Alipokwisha kukisoma alianza kutafuta zana kama hizo karibu na nyumbani. Aliokota vipande vyeusi vyenye kung'aa na ncha kali. Vilikuwa vya kioo cha asili, ambacho hutokea wakati uji wa moto wa volkeno unapopoa upesi. Watu wazima wa nyumbani walimcheka kijana huyo, kwa kuwa waliona anakusanya vipande vya kioo tu.

Louis hakukata tamaa, wala hakung'ang'ania kwamba yeye ndiye mwenye haki. Alivipeleka vipande vyake kwa mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi, Bwana Arthur Loveridge. Mtaalamu huyo alivichunguza kimoja kimoja. Alimthibitishia kwamba baadhi ya vipande vilikuwa zana za mawe kweli, zilizochongwa kwa mikono ya watu.

Tazama vizuri jambo lililofanyika hapo. Kijana alikuwa na kitu mkononi, na alikuwa na wazo kichwani. Lakini hakutosheka na wazo lake. Alitafuta mtu mwenye ujuzi zaidi ili alipime. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya sayansi, na hata mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kuifuata.

Tendaguru

Mwaka 1922 Louis aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mwaka uliofuata aliumia kichwa alipokuwa akicheza mpira wa raga, na daktari akamwamuru apumzike masomo. Ndipo alipopata kazi katika msafara wa kwenda Tanganyika, nchi yetu kama ilivyoitwa wakati ule. Mwaka 1924 alifika Tendaguru, katika Mkoa wa Lindi.

Tendaguru ni mahali maarufu sana kwa visukuku vya dinosaria, yaani wanyama wakubwa wa jamii ya reptilia walioishi zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walikwisha kuchimba huko. Mamia ya wafanyakazi Waafrika ndio waliochimba mifupa hiyo na kuibeba vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi.

Huko Tendaguru Louis alijifunza kwamba kisukuku hakiokotwi ovyo kama kuni. Mfupa wa kale huwa na nyufa nyingi. Ukiuvuta kwa nguvu huvunjika. Yapasa kuondoa udongo kidogo kidogo, kuufunga mfupa kwa kitambaa na plasta, ndipo uinuliwe.

Fundisho chungu kando ya ziwa letu

Baada ya kumaliza masomo, Louis Leakey alirudi Afrika Mashariki mwaka 1926 akiwa na msafara wake mwenyewe. Watu wengi wa Ulaya wakati huo waliamini kwamba binadamu wa kwanza alitokea Asia. Leakey aliamini kwamba alitokea Afrika. Alitaka kuthibitisha jambo hilo kwa visukuku.

Mwaka 1932 alikuwa Kanam, kando ya Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria. Mwezi Machi mmoja wa wafanyakazi wake, Juma Gitau, alipata katika bonge la udongo mgumu kipande cha taya lenye meno. Lilikuwa taya la binadamu. Karibu na hapo palikuwa na visukuku vya wanyama wa kale sana waliokwisha kutoweka duniani. Leakey alifurahi mno. Aliamini kwamba taya hilo lilikuwa na umri sawa na wanyama wale, na alitangaza hivyo huko Uingereza.

Wataalamu wenzake walitaka uthibitisho. Mwaka 1935 profesa mmoja wa miamba, Percy Boswell, alisafiri kutoka London ili apaone mahali penyewe. Leakey mwenyewe ndiye aliyemwalika. Lakini walipofika Kanam, Leakey hakuweza kumwonyesha kwa uhakika mahali taya lilipotoka. Alikuwa ameweka alama za vigingi vya chuma, navyo vilikuwa vimekwisha kuondolewa. Mvua za miaka mitatu zilikuwa zimemomonyoa makorongo. Picha alizopiga mwaka 1932 ziliharibika kwa sababu kamera yake ilikuwa mbovu. Picha nyingine aliyoitumia ilionekana kuwa ni ya korongo jingine kabisa.

Profesa Boswell alirudi Uingereza na kuandika waziwazi kwamba ushahidi wa Leakey haukuaminika. Sifa ya Leakey iliporomoka. Alikuwa na umri wa miaka 31 tu, na watu wengi walidhani kazi yake imekwisha.

Je, taya la Kanam lilikuwa la uongo? La. Lilikuwa kisukuku cha kweli. Lakini baadaye wataalamu wengi walikubaliana kwamba halikuwa la kale kama Leakey alivyodhani. Tofauti hiyo ni muhimu. Kisukuku hueleza mambo mawili. Umbo lake hueleza kiumbe alikuwa nani. Tabaka la udongo lililokifunika hueleza aliishi lini. Mtu akikitoa kisukuku mahali pake bila kupaweka alama wala kupachora, huwa amekata nusu ya ushahidi huo na kuitupa. Haiwezi kurudishwa tena.

Kisiwa cha Rusinga

Mwaka 1936 Leakey alimwoa Mary Nicol, mwanamke hodari katika kuchora na kuchimbua vitu vya kale. Tangu hapo walifanya kazi pamoja. Walifanya kazi pia na Heselon Mukiri, Mkenya aliyekuwa na jicho kali sana la kutambua visukuku.

Mahali pamoja walipopapenda ni Kisiwa cha Rusinga. Kisiwa hicho kimo ndani ya Ziwa Viktoria, hili hili linaloonekana kutoka Mwanza, ila kipo kaskazini-mashariki, upande wa Kenya. Karibu miaka milioni 18 iliyopita ziwa lenyewe lilikuwa bado halijakuwepo. Palikuwa na misitu, na jirani palikuwa na volkeno kubwa iitwayo Kisingiri. Mara kwa mara volkeno hiyo ilirusha majivu yaliyofunika wanyama, miti, mbegu na hata wadudu.

Mwezi Oktoba 1948 Louis alikuwa akishughulika na kisukuku cha mamba. Mary hakuwavutiwa sana na mamba, akaenda kutazama mteremko uliokuwa karibu. Aliona vipande vidogo vya mfupa vimetapakaa juu ya udongo. Aliinua macho akaona jino limechomoza katika ukingo. Hakulichomoa. Alimwita Louis, na kwa pamoja wakaondoa udongo polepole. Walipata sehemu kubwa ya fuvu la Proconsul, mnyama wa kale wa jamii ya sokwe, asiye na mkia. Mary mwenyewe alilipeleka fuvu hilo London kwa ndege, akilitunza safari nzima.

Mary alijuaje kwamba kile kilikuwa jino, wala si jiwe jeupe tu? Tazama jino lako katika kioo. Lina ganda gumu lenye kung'aa juu, na chini yake kuna sehemu nyingine isiyong'aa. Magego yana vilima na mabonde yaliyopangwa kwa utaratibu. Jiwe jeupe la kawaida halina utaratibu huo. Tena jino lile lilikuwa ndani ya tabaka la udongo lililojulikana kuwa na visukuku, na kando yake palikuwa na vipande vya mifupa. Umbo na mahali vilitoa ushahidi mmoja.

Huko Rusinga na katika kisiwa jirani cha Mfangano, akina Leakey walipata pia mbegu, matunda, viwavi na wadudu waliogeuka mawe. Visukuku vya namna hiyo ni adimu sana duniani. Mtu asiye makini angevipita akidhani ni kokoto.

Bonde la Olduvai

Mwaka 1931 Leakey alikuwa amefika kwa mara ya kwanza katika Bonde la Olduvai, ambalo sasa huitwa pia Oldupai, katika Mkoa wa Arusha. Kwa miaka 28 alirudi huko tena na tena. Alipata zana nyingi za mawe, lakini hakupata mafuvu ya watu wa kale waliofikiriwa kuzichonga.

Tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa na homa, amelala kambini. Mary alikwenda kutafuta peke yake. Aliona mfupa umejitokeza juu ya ardhi, na alipopangusa udongo aliona meno mawili makubwa. Alirudi mbio kambini kumwambia mumewe. Louis aliinuka kitandani ingawa alikuwa mgonjwa.

Sasa angalia walivyofanya. Walikuwa wamekitafuta kitu hicho kwa miaka 28. Je, walikichimbua siku ile ile? Hawakufanya hivyo. Walimngoja kwanza mpiga picha afike, ili kila hatua ya uchimbaji ionekane katika picha tangu mwanzo. Bila shaka Leakey hakuwa amesahau aibu ya Kanam. Baada ya hapo walichimbua, wakachekecha udongo wote ili kipande hata kimoja kisipotee. Fuvu lilikuwa katika vipande vipatavyo 400, navyo viliunganishwa kimoja kimoja.

Fuvu hilo liliitwa Zinjanthropus. Mwaka 1961 wataalamu walipima majivu ya volkeno ya tabaka lile, wakaona kwamba umri wake ni miaka milioni 1.75. Safari hii hakuna aliyeuliza fuvu lilitoka wapi, kwa kuwa picha na michoro ilikuwapo. Leo fuvu hilo limehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Ni mali yetu sote.

Kosa la uzeeni

Labda unadhani kwamba mtu aliyefikia hapo hawezi kudanganyika tena. Sivyo. Kuanzia mwaka 1964 Leakey aliongoza uchimbaji mahali paitwapo Calico, katika jangwa la California, Marekani. Huko yalipatikana mawe mengi yenye kingo kali. Leakey aliyaona kuwa ni zana za watu wa kale sana. Wataalamu wengi hawakukubali. Mawe hayo yalikuwa katika udongo uliokokotwa na mafuriko, na mawe yanapogongana katika maji ya nguvu, au yanapokandamizwa chini ya uzito mkubwa, hupasuka yenyewe. Katika maelfu ya mawe yaliyopasuka, machache lazima yatafanana na zana. Hata mkewe Mary hakukubaliana naye.

Leakey alishikilia wazo lake hadi mwisho. Yule aliyekuwa mtoto mwenye kupeleka vipande vyake vipimwe, uzeeni alishindwa kukubali kipimo cha wenzake. Tusimdharau kwa hilo. Tujifunze kwamba macho huona upesi kile ambacho moyo unakitamani. Ndiyo maana mwanasayansi hategemei macho yake peke yake.

Louis Leakey alifariki dunia huko London tarehe 1 Oktoba 1972, akiwa na umri wa miaka 69. Alizikwa Limuru, Kenya. Mary aliendelea na kazi, na mwaka 1978 kundi lake lilichimbua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili huko Laetoli, kusini ya Olduvai. Naye alifariki mwaka 1996.

Turudi ufukweni

Sasa turudi kwenye yale mawe matatu mliyookota. Yaulize maswali manne yafuatayo.

Kwanza, yametoka katika mwamba wa aina gani? Majabali makubwa ya Mwanza, likiwamo Jiwe la Bismarck, ni ya matale. Mwamba huo ulikuwa uji wa moto sana chini ya ardhi, ukapoa na kuganda zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita. Hakuna mnyama wala mmea awezaye kuhifadhiwa ndani ya uji wa moto kama huo. Zaidi ya hayo, wakati ule hapakuwa na wanyama wenye mifupa duniani. Kwa hiyo usitafute visukuku ndani ya matale. Visukuku hupatikana zaidi katika miamba ya tabaka, iliyofanywa na tope, mchanga au majivu, kama ile ya Rusinga na Olduvai.

Pili, je, ndani yake kuna muundo wa kiumbe? Tumia lenzi. Mfupa una ganda gumu nje na vitundu vingi ndani, kama sifongo. Jiwe lako jeupe ni sawa nje na ndani, tena likikwaruza chupa huacha mkwaruzo. Hilo ni kwatsi, madini magumu ambayo hupatikana sana katika nchi yenye matale. Jiwe jekundu la mviringo lina maganda ya kutu ndani, moja juu ya jingine. Hilo ni jiwe la chuma, wala si yai.

Tatu, je, umbo lake lina utaratibu? Jani lina kikonyo, lina mshipa mkubwa katikati na mishipa midogo kila upande. Michoro myeusi ya jiwe bapa haina mishipa hiyo. Inaanzia kwenye ufa na kutawanyika huku na huko. Ni madini ya manganizi yaliyoingia na maji katika ufa wa jiwe. Vivyo hivyo, katika udongo mweusi wa mbuga, pale wakulima wanapolima majaruba ya mpunga, hupatikana vidonge vyeupe vya chokaa vilivyo kama vidole. Vinafanana na mifupa, lakini havina viungo wala vitundu.

Nne, je, ni cha kale au cha juzi? Mfupa wa ng'ombe au wa sangara uliolala topeni waweza kuwa mweusi, ukaonekana wa zamani. Lakini huwa mwepesi. Mfupa uliogeuka kisukuku kwa kawaida ni mzito, maana umejaa madini.

Basi mawe yenu matatu si visukuku. Je, mmepoteza siku yenu? Hata kidogo. Mmejua kitu ambacho asubuhi hamkukijua. Kusema kwa uhakika kwamba hiki sicho ni sehemu ya sayansi sawa na kusema kwamba hiki ndicho.

Ukikuta kitu ambacho maswali yote manne yanakubali, usikichimbue, usikigonge kwa nyundo, wala usikitie mdomoni. Chora mahali kilipo. Andika kipo umbali gani kutoka mti, mwamba au njia. Kisha mweleze mwalimu wako, ili habari ifikishwe kwa wataalamu wa mambo ya kale. Nchi yetu inayo Sheria ya Mambo ya Kale, iliyotungwa mwaka 1964, inayolinda urithi huo. Jino la Rusinga lilisubiri miaka milioni 18. Lako laweza kusubiri siku chache zaidi.

Mambo ya kukumbuka

1. Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa ardhini.
2. Kufanana kwa nje peke yake si ushahidi.
3. Mahali kisukuku kilipo ni sehemu ya ushahidi wake.
4. Mwanasayansi huruhusu wenzake wampime.

Kazi ya kufanya

Kusanyeni mawe kumi tofauti kutoka ufukweni, njiani au shambani. Kaeni pakavu, msiingie majini kwa sababu ya kichocho na mamba. Kila jiwe lipeni namba, na daftarini andikeni lilipookotwa, rangi yake, uzito wake, na muundo wake chini ya lenzi. Kisha badilishaneni mawe na kundi jingine. Je, wao wamekubali majibu yenu?

Maswali

1. Eleza jinsi mfupa unavyogeuka kuwa kisukuku.
2. Kwa nini hakuna visukuku ndani ya majabali ya matale ya Mwanza?
3. Ni makosa gani yaliyofanywa huko Kanam mwaka 1932? Onyesha jinsi yalivyoepukwa huko Olduvai mwaka 1959.
4. Utatofautishaje jani lililogeuka kisukuku na mchoro wa madini?
5. Mwenzako anasema jiwe lake ni jino la simba wa kale, naye hataki mtu alichunguze. Utamshauri nini?